Ungo wa satelaiti: Ulizia na muda wa kusubiri

MIKONGO ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota nchi nzima. Mnunuzi wa mananasi wa Kiwangwa au mwenye nyumba ya wageni Saadani anayetaka ungo wa satelaiti kuwa akiba ya siku kama hiyo huuliza kwanza: ni megabiti ngapi? Swali hilo peke yake halitoshi.

Satelaiti za mtindo wa zamani hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi kutoka Bagamoyo hupanda huko, likashuka kwenye kituo cha ardhini, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde, na hakuna kifurushi kinachofupisha safari hiyo.

Hapo ndipo itifaki, yaani kanuni za kompyuta kupelekeana habari, huleta tofauti. TCP hutuma shehena, kisha ikasubiri stakabadhi. Kwa kanuni yake ya asili, shehena haizidi kilobaiti 64. Safari ikichukua sekunde 0.6, faili moja hupita kwa kilobaiti 107 tu kwa sekunde, wakati laini ya megabiti 10 inaweza kupitisha 1,250. Marekebisho ya mwaka 1992 yaliruhusu shehena kubwa zaidi, lakini tatizo jingine likabaki: pakiti ikipotea kwa mvua ya masika, TCP ya kawaida hudhani njia ina msongamano na kupunguza mwendo.

Mbinu ya BBR, iliyotolewa na Google mwaka 2016, hupima uwezo wa njia badala ya kushtuka kila pakiti inapopotea. Ila huwekwa kwenye seva inayotuma. Mteja wa Bagamoyo hana la kuchagua. UDP nayo haisubiri stakabadhi, hivyo inafaa kwa simu za sauti, ingawa wanaoongea bado watakatizana maneno.

Anachoweza mteja ni kumuuliza muuzaji kama ana mtambo wa kuharakisha TCP, ambao hutoa stakabadhi hapa hapa chini bila kungoja upande wa pili. Mtambo huo kwa kawaida hausaidii mawasiliano yanayopitia VPN.

Aulize pia satelaiti iko umbali gani. Za Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, huzunguka kilomita 550 hivi kutoka ardhini, na kusubiri kwake hakufiki hata robo ya kule kwa zamani.