Kijana wako aenda Kakuma kufanya nini?

Huenda kijana wako amerudi kutoka kanisani akiomba nauli ya kwenda Turkana kuwahudumia watoto wakimbizi. Usimkatalie. Lakini kabla hajafunga mzigo wa nguo kuukuu na peremende, mketishe umsimulie habari za Nadapal.

Huo ndio mpaka wa Kenya na Sudan Kusini, mbele ya Lokichoggio. Mwaka wa 1992 maelfu ya wavulana wa Sudan, wengi bila wazazi, waliingia Kenya kwa miguu kupitia upande huo, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa. Mtoto mwingine wa vita hivyo, Lopez Lomong, alitekwa kanisani akiwa na umri wa miaka 6. Aliishi Kakuma miaka 10, na mwaka wa 2008 akabeba bendera ya Marekani katika Olimpiki ya Beijing.

Mwambie basi kijana wako: mtoto wa kambini si picha ya kuonyesha marafiki. Asimwulize jinsi mamaye alivyokufa, kisha kesho yake apande basi aende zake. Asimwahidi barua asizokusudia kuandika. Mtoto huyo ameachwa vya kutosha. Ampelekee vitabu na mpira, wacheze pamoja. Wala asiwasahau watoto wa Waturkana wenyeji, wanaopigwa na ukame papo hapo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, kijana wako akishaondoka, ni nani atakayekuwa amepona?