Neno "mlipuko": asili, maana na makosa ya watahiniwa

Soma kwanza sentensi hizi nne:

(a) Mlipuko wa volkano uliacha majivu na mawe kwenye miteremko ya mlima.
(b) Milipuko ya mabomu ilitokea Mbagala, Dar es Salaam, tarehe 29 Aprili 2009.
(c) Mwezi Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera.
(d) Mlipuko wa shangwe ulisikika uwanjani baada ya bao la pili.

Neno ni lilelile, lakini mambo yanayotajwa ni manne tofauti. Mtahiniwa anayejua maana moja tu ataelewa vibaya kifungu cha ufahamu, na ufupisho wake pia utapotoka. Nje ya chumba cha mtihani kosa hilo ni kubwa zaidi. Hapa Igogwe mwanafunzi wangu mmoja alinieleza kwamba bibi yake alisikia redioni tangazo la "mlipuko wa kipindupindu". Bibi akauliza wakimbilie wapi, akidhani ni mabomu. Tangazo lilimtaka achemshe maji ya kunywa na anawe mikono kwa sabuni. Kwa hiyo, lichunguze neno hili kwa makini.

1. Muundo wa neno

"Mlipuko" ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi "lipuka". Ukiichanganua utapata: m- (kiambishi awali cha ngeli), -lipu- (mzizi), -k- (kiambishi cha kauli) na -o (kiambishi tamati kinachounda nomino). Ipo katika ngeli ya U-I: mlipuko umetokea, milipuko imetokea.

Kutokana na mzizi huo tunapata pia lipua, lipuliwa, lipukia, mlipuaji na kilipuzi. Linganisha na pasua, pasuka, mpasuko. Au bomoa, bomoka, mbomoko.

Angalia mtego mmoja. Tunajua kwamba "fungua" ni kinyume cha "funga", na "chomoa" ni kinyume cha "chomeka". Baadhi ya watahiniwa hukimbilia kusema kwamba "lipua" ni kinyume cha "lipa". Si kweli. Kulipa deni na kulipua bomu havina uhusiano wowote wa maana. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja.

Katika baadhi ya maandishi ya Kenya na Zanzibar utakutana na "ripuka" na "mripuko". Ni neno lilelile. Tofauti ni ya matamshi tu. Katika mtihani tumia "lipuka" na "mlipuko".

2. Maana ilivyopanuka

Maana ya msingi ya kulipuka ni kupasuka kwa ghafla na kwa kishindo. Sisi wa Wilaya ya Rungwe tunaishi juu ya ushahidi wa maana hii. Mlima Rungwe ni volkano. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kasoko. Jirani yake, Kiejo, ulitoa lava karibu mwaka 1800. Udongo unaotupatia ndizi, viazi na chai umetokana na milipuko ya kale.

Kutoka hapo maana ilipanuliwa. Wazungumzaji walichukua sifa mbili za mlipuko, yaani ughafla na kusambaa, wakazihamishia kwenye mambo mengine. Ugonjwa ukijitokeza ghafla na kuenea, tunasema umelipuka, ingawa hakuna kishindo. Mtu mpole akifoka bila kutarajiwa, amelipuka kwa hasira. Neno moja lenye maana kadhaa zinazohusiana namna hii huitwa polisemia. Usichanganye na homonimia, ambapo maneno yanafanana kwa umbo lakini maana hazihusiani, kama "kaa" (mnyama wa majini) na "kaa" (keti).

3. Kiswahili kimoja, Kiingereza kitatu

Katika Kiingereza, mlipuko wa bomu ni "explosion", wa volkano ni "eruption" na wa ugonjwa ni "outbreak". Kila neno lina historia yake. "Eruption" limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupasua na kutoka nje. "Outbreak" limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye wazo hilohilo: nje na kuvunja.

La kushangaza ni "explosion". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "explodere", kilichoundwa na "ex", yaani nje, na "plaudere", yaani kupiga makofi. Watazamaji wa michezo ya kuigiza walipochukizwa na mwigizaji, walimfukuza jukwaani kwa makofi na kelele. Maana ya kupasuka kwa kishindo ilikuja baadaye sana. Unaona kwamba maana za maneno hupanuka katika lugha nyingine pia.

Fundisho kwa mtahiniwa: usitafsiri neno kwa neno. Tazama kwanza ni kitu gani kimelipuka, ndipo uchague neno.

4. Utata

Chukua sentensi hii: "Kumetokea mlipuko hospitalini." Je, ni mtungi wa gesi au ni ugonjwa? Sentensi ina utata kwa sababu neno lina maana zaidi ya moja na muktadha hautoshi. Utata huu huondolewa kwa kuongeza maelezo: "mlipuko wa mtungi wa gesi" au "mlipuko wa surua". Anayeandika tangazo, taarifa au barua rasmi ana wajibu wa kuongeza maneno hayo. Tangazo likieleweka vibaya, watu huchukua hatua isiyofaa, kama ilivyokaribia kutokea kwa yule bibi.

5. Lipua au lipuka?

Wengi huandika: "Volkano ililipua." Hilo ni kosa. "Lipua" huhitaji yambwa: askari walilipua bomu. "Lipuka" haihitaji: volkano ililipuka.

"Lipua" ina maana nyingine ya mazoeani: kufanya kazi harakaharaka bila uangalifu. Fundi aliyelipua ukuta si lazima awe amutumia baruti. Huenda aliujenga ovyo. Hata hapa muktadha ndio unaoamua.

Zoezi

1. Tunga sentensi tatu ukitumia neno "mlipuko" kwa maana tatu tofauti.
2. Changanua viambishi vya neno "mpasuko".
3. Eleza utata uliopo katika sentensi: "Juma amelipua nyumba." Kisha iandike upya mara mbili, kila mara kwa maana moja tu.
4. Andika tangazo la maneno yasiyozidi 50 kuwajulisha wanakijiji kuhusu mlipuko wa kipindupindu. Mtu asiyesoma akisomewa, aelewe afanye nini.

Swali la 4 ndilo gumu kuliko yote. Ukimaliza, msomee mzee mmoja nyumbani, kisha umuulize ameelewa nini. Jibu lake litakuonyesha pa kusahihisha. Na siku ya mtihani, tafadhali, usilipue.