Damu kwanza, asilimia baadaye

Mwanamke wa Musanda, Kakamega, anayetaka kupanga uzazi hukutana na maswali mawili. Kliniki humweleza ni njia gani inayozuia mimba kwa uhakika zaidi. Majirani humuuliza itamfanya nini mwilini. Swali la majirani hudharauliwa kama umbea wa kisimani, ila nadhani ndilo linalopaswa kutangulia. Takwimu za kliniki zenyewe ni za kweli. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake 100 wakitumia kijiti kwa mwaka mzima, hata mmoja si rahisi ashike mimba. Koili ya shaba inakikaribia. Kwa sindano, wanaoshika mimba ni kama 4, kwa vidonge 7, na kwa kondomu za kiume 13. Tofauti hiyo inatokana hasa na maisha ya kawaida: kidonge husahaulika, tarehe ya sindano hupita mwanamke akiwa shambani au matangani, lakini kijiti na koili hufanya kazi bila kukumbushwa.

Kama uhakika ungekuwa ndio mwisho wa hesabu, basi kila mtu angepewa kijiti na mjadala ukafungwa. Mambo hayaendi hivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya Wakenya walioanza kutumia njia fulani waliiacha kabla ya miezi 12 kwisha, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa madhara na wasiwasi wa kiafya. Njia iliyoachwa haizuii chochote, hata ingekuwa na asilimia nzuri namna gani. Ndiyo maana nasema mwanamke aanze kulinganisha njia kwa yale atakayoyavumilia, na la kwanza kati ya hayo ni damu.

Koili ya shaba haina homoni na hukaa miaka 10 au zaidi, lakini huweza kuongeza wingi wa hedhi na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Kwa mwanamke wa Kakamega, kaunti iliyo katika ukanda wa ziwa ambako malaria haikomi mwaka mzima na upungufu wa damu si jambo geni, hilo si dogo. Kijiti, ambacho hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, hufanya hedhi ipoteze mpangilio: matone leo, kimya mwezi ujao, pengine siku nyingi mfululizo. Sindano ya miezi mitatu huanza kwa vurugu kama hiyo, kisha kwa wengi hedhi hukatika kabisa. Hedhi kukatika kwa sababu ya sindano hakumaanishi kuwa damu chafu inajazana tumboni. Ukuta wa mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba tu, hauna cha kumwaga. Vidonge vyenye homoni mbili ndivyo huleta hedhi ya mpangilio zaidi, ila havimfai mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, wala mwenye shinikizo la damu.

Wapo watakaosema kwamba kueleza madhara mapema kutawatisha wanawake. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ushahidi unaipinga. Nchini Mexico, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanawake walioelezwa kwa kina jinsi sindano ingebadilisha hedhi yao waliacha kwa kiwango cha 17 kati ya 100 ndani ya mwaka; waliopewa maelezo ya kawaida waliacha 43. Anayejua kwamba damu itavurugika haoni ugonjwa inapovurugika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba sindano huleta ugumba. Uvumi huu una chembe ya ukweli ndani yake. Baada ya sindano ya mwisho uzazi huchelewa kurudi, mara nyingi miezi kadhaa zaidi kuliko kwa njia nyingine, na mwanamke aliyeolewa upya au anayesukumwa na mama mkwe huihesabu miezi hiyo kwa uchungu. Lakini hurudi. Anayetaka mtoto mwaka ujao achague kijiti au koili, maana vikitolewa uwezo wa kushika mimba hurejea mara moja. Kuhusu Ukimwi, utafiti wa ECHO uliotangazwa mwaka 2019, ambao Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulifuatilia wanawake zaidi ya 7,800 na haukuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya sindano, kijiti na koili ya shaba. Hata hivyo, katika makundi yote matatu karibu wanawake 4 kati ya 100 waliambukizwa kila mwaka. Kondomu bado ina kazi yake.

Kuna pia suala la siri, ambalo chati za kliniki haziligusi. Kijiti hupapasika mkononi na nyuzi za koili mume huweza kuzihisi. Sindano haiachi alama. Sidhani ni busara kumlaumu anayeichagua kwa sababu hiyo. Hata hivyo upepo unabadilika: kati ya wanawake walioolewa nchini, watumiaji wa sindano walishuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 20 mwaka 2022, na wa kijiti wakapanda kutoka 10 hadi 19. Waumini wanaokataa homoni wana njia ya kuhesabu siku, ila inadai hedhi isiyoyumba na mume anayekubali kusubiri.

Kupanda huko kwa kijiti kunaleta swali ambalo mwanamke aliulize kabla hajanyoosha mkono: nani atakitoa, na lini? Kijiti kilichowekwa vizuri hutolewa kwa dakika chache, lakini kilichozama ndani ya msuli huhitaji daktari mwenye ujuzi na safari ya hospitali kubwa. Na akitaka kitolewe mwezi wa tano, kwa damu tu, asiambiwe arudi baada ya miaka mitatu.