Ulisoma Mswada wa Fedha Wote, Lakini Huu Mkataba Ulikupita Aje?

Juni 2024 kila msee alikuwa mwanasheria. Mswada wa Fedha ulisomwa kwa mat, kwa kinyozi, hadi kwa kibanda cha smokie. Lakini Julai 1, hata wiki haijaisha tangu vijana waingie Bunge, kitu kingine kikaanza kufanya kazi kimya kimya: mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya, EPA. Ulisainiwa hapa Nairobi Desemba 18, 2023, na wabunge wakaupitisha mapema 2024. Kwa group yenu ya WhatsApp, nani aliubonga?

Usiseme haikuhusu. Maua na avocado zetu zinaingia Ulaya bila ushuru. Nasi tunafungulia bidhaa zao soko pole pole, kwa miaka 25. Gani ziko kwa hiyo orodha na gani zimeachwa nje? Kama mathako ana shamba ama buda yako ana kiwanda kidogo, hapo ndipo unga yenu iko.

Mlango uko Bunge

Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ukiidhinishwa unakuwa sheria ya Kenya. Lakini kuna sheria ya 2012 inayosema lazima upitie Bunge kwanza, na wananchi waulizwe. Hapo ndipo unawabana. Ukishapita, kuurudisha ni noma.

Wakulima walishtuka kitambo. 2007, Kenya Small Scale Farmers Forum walienda Mahakama Kuu juu ya mazungumzo ya hii hii EPA. Uamuzi ulikuja 2013: korti ikaambia serikali iweke njia ya kuwahusisha wakulima wadogo. Miaka sita, maze, lakini walisikizwa.

Sasa wewe unafanya aje?

1. Chunga matangazo. Bunge huitisha maoni kwa magazeti na kwa tovuti yake, na siku huwa chache.

2. Andika memoranda, si matusi. Taja kipengele, onyesha kinakuumiza aje, sema unataka nini: wakatae, ama wakubali na masharti. Kurasa mbili zinatosha.

3. Ingieni kama kundi. Chama cha mama mboga, sacco ya boda, vijana wa mtaa. Ombeni kuongea mbele ya kamati. Mheshimiwa huhesabu kura.

4. Tumia kifungu cha 119. Mtu yeyote anaweza kupeleka ombi Bunge. Huhitaji digrii, mimi mwenyewe chuo niliacha njiani na hiyo haki bado ninayo.

5. Kumbuka Arusha. Wabunge 9 wa Kenya kwa Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na wabunge wetu, si wewe. Ukitaka kuwafikia, anza na MP wako.

Barabarani tulionyesha tunaweza kupiga kelele. Mkataba mwingine ukija, tufike kabla wino haujakauka.

Wewe MP wako unamjua jina?