Imani Inayofungua Mlango



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeona tuongee kidogo juu ya imani na matendo. Wengi tunaijua Yakobo sura ya 2. Anauliza: mtu mwenye njaa ukimtakia heri tu bila kumpa kitu, umemsaidia nini? Jibu kila mtu analo. Kutenda ndiyo shida.

Tuchukue mfano wa Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya. Matokeo ya uchaguzi wa rais Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zikawaka. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomewa humo humo. Walikufa zaidi ya 20, wengi akina mama na watoto. Inauma hadi leo, maana Kenya ni nchi ya makanisa mengi. Watu walikuwa wamebatizwa, nyimbo wanazijua, lakini jirani alipoitwa "wa kabila lile" yote yakasahaulika.

Siku zile zile watu wakaanza kuvuka Busia na Malaba kuingia Uganda, wengi wao Wakikuyu. Walifika wapatao 12,000. Wengine walilala mashuleni, wengine wakapokelewa majumbani. Baadaye kukawa na kituo cha muda pale Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo wa 2008 waliobaki wakahamishiwa Kiryandongo.

Sasa tuangalie hali ya waliowapokea. Malori ya mafuta yalikuwa yamekwama Kenya, petroli Uganda ikapanda bei vibaya sana. Miezi michache nyuma, mafuriko ya 2007 yalikuwa yameharibu mashamba mashariki mwa Uganda, hasa upande wa Teso. Mtu angesema, "Hata mimi sina," na angekuwa anasema kweli. Tena Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka. Kumpokea ndugu yako si ajabu. Lakini kumfungulia mlango mtu wa kabila lingine, asiyejua lugha yako, hapo ndipo Msamaria wa Luka 10 anapoonekana.

Ndugu zetu, jambo hili linatuhusu. Tangu mwaka 2023 chakula cha msaada hapa Uganda kinatolewa kwa makundi kwa sababu fedha zimepungua, na kuna familia zilizotolewa kwenye mgao kabisa. Darasani tunaliona. Mtoto wa nyumba hii amekunywa uji, wa nyumba ya pili hajaonja kitu, na wote wawili wanaimba wimbo mmoja wa sifa asubuhi. Ikifika saa tano, mmoja amelala juu ya dawati.

Hatusemi ugawe unga wote, watoto wako walale njaa. Mungu anajua debe lako lina kiasi gani. Lakini matendo si unga peke yake. Kumchotea mama mgonjwa jerikeni moja ya maji ni tendo. Kukaa na watoto wa jirani akienda zahanati ni tendo. Kunyamazisha maneno ya "wale watu" nyumbani kwako usiku ni tendo kubwa, kwa sababu tunayasikia maneno hayo hayo asubuhi vinywani mwa watoto wenu. Ya Kiambaa nayo yalitanguliwa na maneno.

Basi tunaomba hivi: mwezi huu kila familia ichague nyumba moja, si ya kabila lake wala ya kanisa lake, iifanyie jambo moja. Msitangaze ibadani. Watoto wawaone tu mkifanya. Sisi shuleni tunawafundisha kusoma na kuandika, ila imani wanaisoma kwenu.

Mungu awabariki, na azibariki nyumba zenu.