Ngogwe ya asili: Ukitaka mbegu, usichume zote

NGOGWE, au nyanya chungu kama wengi wanavyoziita, ni tunda tunalolila likiwa bado changa. Huchumwa likiwa jeupe au la kijani, na likianza kuwa jekundu mpishi hulitupa. Hapo ndipo ilipo shida ya aina zake za zamani: mbegu iliyomo ndani ya tunda changa haijakomaa na haioti. Anayechuma kila tunda kwa ajili ya chungu hujikuta msimu unaofuata hana cha kupanda, na mbegu atakayoipata dukani si ile aliyokuwa nayo bibi yake.

Chukua mfano wa Berega, kaskazini mwa Wilaya ya Kilosa, katika nchi ya Wakaguru, si mbali na barabara kuu iendayo Dodoma kutoka Morogoro. Ukanda huo una msimu mmoja wa mvua, kisha hufuata kiangazi cha miezi kadhaa. Katika mazingira ya namna hiyo, mboga ya ua wa nyumba haina budi kustahimili. Ngogwe huvumilia ukame kuliko nyanya ya kawaida, nayo huridhika na kona ya ua ambako hutupwa maji yaliyooshewa mchele na mboga.

Wengi hudhani ngogwe ni bilinganya iliyodumaa. Sivyo. Bilinganya asili yake ni Asia, ilhali ngogwe, kwa jina la kitaalamu Solanum aethiopicum, ni zao la Afrika hii hii, lililotokana na mmea wa porini ambao bado unaota katika sehemu nyingi za bara letu. Waganda wanayo ndugu yake iitwayo nakati, ambayo huliwa majani. Wabrazili huiita jiló, na ilifika kwao kutoka Afrika katika zama za biashara ya utumwa.

Katika masoko ya mijini, iliyotamalaki ni ngogwe nyeupe, kubwa kiasi na isiyo na uchungu mwingi. Maarufu kati ya hizo ni Tengeru White, yenye jina la Tengeru mkoani Arusha, ambako Kituo cha Mboga Duniani kilianzisha kazi zake za Afrika mwaka 1992. Ni aina nzuri na inazaa sana. Hakuna sababu ya kuibeza. Lakini zile ndogo za kijani, nyingine zenye michirizi, ambazo uchungu wake ndio ladha yenyewe, hazina mfanyabiashara wa kuzitetea. Zinaishi kwa sababu tu kuna mtu aliyeacha tunda moja likaiva.

Namna ya kuzitunza si ngumu. Teua mashina matatu au manne yenye afya, yasiyo na dalili ya mnyauko wala utitiri mwekundu, na katika kila shina acha matunda mawili hadi yawe mekundu kabisa na kuanza kulainika. Funga kitambaa kwenye tawi hilo ili watoto au mgeni wasilichume. Likiiva, lipasue, kamua mbegu ndani ya bakuli la maji na uzisugue taratibu. Zilizojaa huzama, mapepe huelea, mwaga yanayoelea. Anika kivulini juu ya kitambaa kwa siku kadhaa, kisha hifadhi kwenye chupa kavu yenye kipande cha mkaa kinachonyonya unyevu.

Ua la ngogwe kwa kawaida hujichavusha lenyewe, ila nyuki huweza kuhamisha chavua. Kwa hiyo aina mbili zisipandwe bega kwa bega ikiwa unataka mbegu safi. Pia usihangaike kutunza mbegu ya chotara, kwani kizazi chake hakitafanana na mzazi. Kuhusu sheria, watu wa mijini huwa na wasiwasi usio wa lazima: Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inadhibiti biashara ya mbegu, si chupa iliyopo kabatini mwako.

Upandaji huanzia kitaluni. Miche huhamishwa ikiwa na majani manne hadi sita, baada ya wiki tano hivi, ikaachiwa nafasi ya sentimeta 60 au zaidi. Changanya samadi iliyooza vizuri, si mbichi. Epuka mahali palipolimwa nyanya, pilipili, bilinganya au viazi mviringo msimu uliopita, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hurithishana magonjwa kupitia udongo. Asiye na ua atumie ndoo kubwa iliyotobolewa chini. Mavuno ya kwanza yakipungua, pogoa matawi na kumwagilia. Mmea huchipua na kuzaa tena.

Jikoni, zikate vipande vinne, usizimenye, na uzitie papo hapo kwenye maji ya chumvi, vinginevyo hugeuka kahawia. Maji hayo pia hupunguza uchungu kwa wasioupenda. Kaanga kitunguu na nyanya, tia ngogwe, kisha bamia dakika za mwisho, funika kwa moto mdogo. Ngogwe na bamia kwa ugali ni mlo wa kutosha. Zenye uchungu mkali hupatana zaidi na dagaa wakavu pamoja na karanga zilizotwangwa au tui la nazi, kwa kuwa mafuta huupoza uchungu bila kuufuta.

Na hilo tunda jekundu tunalolitupa? Kusini mwa Italia, katika mji mdogo wa Rotonda, ndilo linalothaminiwa. Ni ngogwe hii hii, na huko husimuliwa kuwa ilifika kutoka Afrika pamoja na askari wa enzi za ukoloni. Hulivuna likiwa jekundu, hulihifadhi kwa siki na mafuta, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulilipa jina hilo la mahali ulinzi wa kisheria. Uchungu wake hawakuuondoa.