Istilahi na Dhana katika Falaki: Galaksi Vibete za Kundi la Virgo

Makala hii inafafanua sifa za galaksi vibete za kundi la Virgo na kuonyesha namna sifa hizo zinavyomwekea mipaka mwanaisimu anayeziundia istilahi za Kiswahili. Kundi hilo, lililo upande wa kundinyota la Mashuke, liko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 54, na lina galaksi zaidi ya 1,000. Orodha iliyochapishwa na Binggeli, Sandage na Tammann mwaka 1985 ina galaksi 2,096, na kati ya zile zilizo za kundi hilo kwa hakika, zilizo nyingi kuliko zote ni vibete vya aina ambayo wanafalaki huiita "ya awali".

Neno hilo ndilo chanzo cha utata. Mwaka 1926, Edwin Hubble alizipanga galaksi kwa kuzingatia maumbo yake. Zilizo laini, zenye umbo la duaradufu, aliziita za awali. Zenye mikono iliyojizungusha aliziita za baadaye. Maneno hayo aliyaazima kwa wachunguzi wa spektra za nyota. Mpangilio wake ulitoka umbo sahili kwenda umbo changamano, wala haukuhusu umri. Mfasiri akiandika "galaksi za mapema", msomaji hatakuwa na budi kuelewa kwamba hizo ndizo zilizotangulia kuzaliwa.

Hali halisi katika Virgo inakaribia kuwa kinyume cha maana hiyo. Vibete hivi kwa kawaida vina gesi kidogo mno au havina kabisa. Kwa hiyo havizai nyota mpya, na nuru yake inaelekea wekundu. (Wekundu huo ni hafifu kuliko wa galaksi kubwa, kwa kuwa vibete vina upungufu wa metali, neno ambalo kwa mwanafalaki hujumuisha kila elementi iliyo nzito kuliko heli, oksijeni ikiwemo!) Tena vimesongamana katikati ya kundi, ilhali vibete vyenye gesi hupatikana zaidi pembezoni. Gunn na Gott walieleza mwaka 1972 kwamba galaksi inayopita kwa kasi katika gesi ya moto iliyotanda kundini hupokonywa gesi yake yenyewe. Mwaka 1996, Moore na wenzake waliongeza kwamba kupitana mara kwa mara na galaksi kubwa huweza kuitikisa galaksi ndogo yenye mikono hata umbo lake likabadilika. Uzito wa kila sababu bado unajadiliwa. Hata hivyo, yaelekea baadhi ya vibete "vya awali" ni matokeo ya mwisho ya galaksi zilizokuwa "za baadaye".

Ushahidi wa jambo hili umo ndani ya vibete vyenyewe. Mwaka 2000, Jerjen, Kalnajs na Binggeli waligundua mikono hafifu katika IC 3328, galaksi iliyodhaniwa kuwa laini tupu. Mwaka 2006, Lisker, Grebel na Binggeli walichunguza vibete 476 vya Virgo, wakaona dalili za sahani, au angalau uwezekano wake, katika 41. Aidha, baadhi ya vibete hujizungusha na vingine havijizungushi, ingawa kwa macho vinafanana.

Suala la pili ni la udogo. Kiambishi *ki-* cha udogishaji hudai kwamba kitu ni kilekile, ila kimepungua: kijito ni mto. Katika galaksi kubwa za duaradufu, kadiri mwanga wote unavyopungua ndivyo kitovu kinavyozidi kukolea; katika vibete, kadiri unavyopungua ndivyo nuru inavyozidi kutawanyika. Kwa hoja hiyo, Kormendy alishikilia mwaka 1985 kwamba hizi ni koo mbili tofauti, ilhali wengine huona mfululizo mmoja. Istilahi kama "kiduaradufu" ingekata shauri ambalo wanafalaki wenyewe hawajalikata. "Kibete" ni afadhali: kuku kibete si kifaranga, bali ni aina yake.

Kwa hiyo "mapema" halifai. "Ya awali" laweza kubaki ndani ya alama za mtajo, ili msomaji asipotee anaporejea maandishi ya kigeni. Kwa kufundishia, "galaksi kibete laini" inaelekea kufaa zaidi, kwa kuwa hutaja kinachoonekana bila kudai chochote juu ya umri. Nayo ina kasoro: mikono ya IC 3328 ilionekana baada ya ulaini huo kuondolewa katika picha.